Bwawa la kwanza nyuma ya nyumba, kuanzia ukingo

Vipimo vya mwongozo huu ni vya bwawa dogo la bustani lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60, la kutandikwa plastiki. Linaenea kwenye ua wa kawaida wa Kampala, Jinja, Mbarara au Arua, na watu wawili wanalichimba kwa siku mbili. Usishawishike kuanza na dogo zaidi. Maji machache hupata joto upesi, huchafuka upesi na hukauka upesi, kwa hiyo kidimbwi cha ukubwa wa karai ndicho kigumu kuliko vyote kukitunza.

Mabwawa mengi ya kwanza huharibikia ukingoni. Maji hupotelea hapo, matope ya mvua huingilia hapo, jua hula plastiki hapo, na mtoto huteleza hapo. Ndiyo maana ukingo umepewa nafasi kubwa hapa chini.

Hatua ya 1: Mahali

Tafuta sehemu inayopata jua kwa muda wa saa tano au sita kila siku. Yungiyungi halitoi maua kivulini. Kaa mbali na mfenesi, mwembe na mparachichi, kwa sababu majani na matunda yakiozea ndani, maji hugeuka meusi na kunuka. Mianzi ni mibaya zaidi: machipukizi yake yenye ncha hutoboa plastiki kutoka chini.

Sehemu ya chini kabisa ya ua inavutia kwa kuwa maji hukimbilia huko yenyewe. Yakimbiliayo huko ni pamoja na maji ya jikoni, ya banda la kuku na ya barabarani. Panda juu kidogo. Acha pia mita 2 kutoka ukuta wa nyumba au wa ua, maana bwawa hili likijaa lina uzito wa karibu tani 3 karibu na msingi wako.

Kabla ya kuamua, chimba shimo la majaribio la mita 1, uliache usiku kucha. Ukikuta maji asubuhi, maji ya ardhini yako karibu, na msimu wa mvua yataisukuma plastiki kutoka chini mpaka ifutuke katikati ya bwawa. Hapo jenga bwawa la kuinuliwa kwa matofali juu ya ardhi. Na kama ua wako unapakana na kinamasi, usichimbe kwanza ukauliza baadaye. Kazi ndani ya kinamasi inahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda.

Kusini mwa Uganda, wakati mzuri wa kuchimba ni Juni na Julai au Desemba hadi Februari. Shimo lililo wazi likikutwa na mvua za Machi, kuta zake humomonyoka usiku mmoja.

Hatua ya 2: Vifaa

- Plastiki nzito ya mabwawa, damlaina, unene wa milimita 0.5, kipande cha mita 5 kwa 4
- Mchanga laini wa ziwani, wilbaro 5
- Magunia ya plastiki yaliyotumika, 20 hivi, au zulia kuukuu
- Paipu ya PVC ya inchi 2, mita 3
- Bomba la plastiki jembamba linaloonyesha maji ndani, mita 6
- Vigingi 10, kamba, pima maji na ubao ulionyooka
- Mawe bapa ya kuzungushia mita 8 za ukingo, na mfuko 1 wa saruji
- Jembe, sururu, koleo na wilbaro

Hesabu ya plastiki ni hii: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 30 za kila upande. Yaani 3 + 1.2 + 0.6 = mita 4.8, na kwa upana 2 + 1.2 + 0.6 = mita 3.8. Nunua 5 kwa 4. Kipande kilichopungua sentimita 20 hakiungiki nyumbani. Gundi haishiki damlaina, inataka mashine ya joto.

Muuzaji anaweza kukupa ya milimita 1 akisema ndiyo imara. Ni imara kweli, lakini ni ya mabwawa ya shambani, haikunjiki kwa mikono kwenye kona za bwawa dogo. Kaveera nyeusi, yaani plastiki nyembamba ya kutandika chini ya sakafu, ni rahisi kwa bei, ila jua huikausha ndani ya miezi michache ikapasuka kama ganda. Turubai nalo huvuja kwenye mishono. Bwawa la zege linadumu, lakini linataka wavu wa chuma, fundi anayejua kuzuia maji na wiki kadhaa za kujaza na kumwaga mpaka ukali wa saruji uishe, kwani ukali huo huua samaki. Kwa mara ya kwanza, tumia plastiki.

Hatua ya 3: Ukingo, kabla ya jembe

Laza kamba chini kwa umbo unalotaka. Umbo la yai ndilo jepesi. Kona nyembamba hukusanya mikunjo ya plastiki na maji yaliyolala. Pigilia vigingi 10 kuzunguka kamba, kila kimoja karibu sentimita 80 kutoka kwa mwenzake.

Sasa usawa. Macho hayafai kwa kazi hii, maana ua unaoonekana tambarare huweza kutofautiana sentimita 15 ndani ya mita 3. Jaza maji kwenye bomba jembamba mpaka yabaki kama sentimita 20 kufika kila mdomo, ukihakikisha hakuna hata povu moja ndani. Povu hudanganya kipimo. Chagua kigingi kimoja kiwe mama. Shikilia mdomo mmoja wa bomba kwenye mama, mwenzako ashikilie wa pili kwenye kigingi kingine. Subiri maji yatulie kabisa, kisha kila mmoja aweke alama pale uso wa maji ulipo. Rudia kwa vigingi vyote, kila mara ukianzia kwa mama na kuinua au kushusha mdomo wa bomba mpaka maji yasimame kwenye alama yake ileile. Ukipima kutoka kigingi hadi kigingi, kosa la nusu sentimita hukua mpaka likawa sentimita 4 unapomaliza mzunguko.

Pima kutoka kila alama hadi chini. Panapotoka namba kubwa, ardhi iko chini. Hapo ndipo utajaza udongo utakaotoka shimoni: tabaka la sentimita 10, nyunyizia maji kidogo, shindilia, halafu tabaka jingine. Ukingo wote uishie sentimita 10 juu ya ua, ili maji ya mvua yalizunguke bwawa badala ya kuliingia. Ukiacha tofauti ya sentimita 5, utaiona kila siku: upande mmoja maji yanamwagika, upande wa pili mkanda mweusi wa plastiki unatazama jua.

Hatua ya 4: Kuchimba

Tenga udongo wa juu wenye rutuba. Ni wa mimea yako mingine. Chimba kwanza eneo lote hadi sentimita 25. Acha ngazi ya upana wa sentimita 30 kuzunguka angalau nusu ya bwawa. Hapo mimea itakaa, na mtoto au mnyama aliyeanguka atapata pa kukanyaga. Kisha shuka hadi 60. Kuta ziingie ndani sentimita 10 kwa kila 30 unazoshuka. Udongo wa moramu husimama hivyo bila shida. Wa kichanga uulaze zaidi.

Sakafu ielekee upande mmoja kwa sentimita 5, uchafu ujikusanye mahali pamoja pa kuchotea. Utatoa karibu wilbaro 60 za udongo, basi jua mapema unaupeleka wapi.

Fanya pia mfereji wa paipu ya kutolea maji ya ziada, mdomo wake ukiwa sentimita 3 chini ya usawa wa ukingo, uelekee kwenye migomba au majimbi. Mvua moja kubwa ikikosa njia hiyo, bwawa hujichagulia yenyewe, na hubeba udongo wa ukingo kwa nje.

Hatua ya 5: Plastiki

Ng'oa kila jiwe na mzizi, pitisha kiganja ukutani pote. Tandika mchanga wenye unyevu sentimita 5 sakafuni na kwenye ngazi. Kutani, ambako mchanga haushiki, pachika magunia. Tumia ya plastiki, kwa sababu ya katani huoza.

Anika damlaina juani saa moja ilainike, kisha ilaze shimoni mkiwa pekupeku. Kunjo moja kubwa kwenye kona ni bora kuliko makumi madogo. Tia maji sentimita 15, vuta mikunjo, ongeza, vuta tena, ngazi kwa ngazi. Usikate pindo siku hiyo. Uzito wa maji huendelea kuivuta plastiki chini kwa saa 24, na aliyekata mapema hujikuta hana pindo upande mmoja.

Pindo likishatulia, lisilazwe bapa chini ya udongo. Liinue lisimame wima nyuma ya mawe, ncha yake iwe juu kuliko maji, kisha shindilia udongo kwa nyuma. Udongo au nyasi zikigusa maji kwa kupitia juu ya plastiki huyanyonya kama utambi wa tadooba unavyonyonya mafuta taa, na utahangaika kutafuta tobo ambalo halipo. Mawe yatokeze sentimita 5 kuelekea majini, yafunike plastiki isipigwe jua. Yashike kwa mchanga 3 kwa saruji 1, na usiache saruji mbichi ianguke ndani.

Hatua ya 6: Watoto, kisha maji

Kama kuna mtoto mdogo nyumbani au kwa jirani, kazi hii itangulie kujaza. Weka wavu wa chuma uliochomelewa, matundu yasiyozidi sentimita 8, juu tu ya maji, unaoweza kubeba uzito wa mtoto bila kubonyea. Au uzio wenye geti linalojifunga. Mtoto huzama kwenye maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima, na hazami kwa kelele.

Kujua ujazo: 3 × 2 × 0.6 ni mita za ujazo 3.6, toa robo kwa ajili ya ngazi na kuta zilizolala, zinabaki lita 2,700, sawa na jerikeni 135. Maji ya bomba yana klorini, yaache siku 3 juani kabla ya samaki. Maji ya paa ni mazuri, ila acha mvua ya kwanza ioshe mabati. Ya ziwani au kinamasini usiyachote: huja na konokono, na baadhi yao hubeba kichocho.

Hatua ya 7: Mimea

Lengo ni kufunika nusu ya uso wa maji, kwani mwani hustawi kwenye jua na mbolea. Yungiyungi 2 kwenye ndoo za udongo mzito usio na samadi, zifunikwe changarawe juu. Majimbi hukaa vizuri kwenye ngazi, na yanaliwa. Mafunjo yanapendeza, lakini yaache ndani ya ndoo, la sivyo yatateka bwawa zima.

Mmea wowote uoshe mizizi, kagua chini ya majani uondoe ute wa mayai ya konokono, kisha uuweke kwenye ndoo ya peke yake wiki 2. Gugumaji usilikaribishe hata kwa maua yake. Lilitoka Amerika Kusini likisambazwa kama pambo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria yanalijua vizuri. Kipande kimoja kinachotoka na maji ya mvua kinatosha kulisambaza.

Hatua ya 8: Mbu na samaki

Katika joto letu yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, na mbu wa malaria hupenda maji safi yenye jua, yaani bwawa lako jipya. Kwa hiyo siku ya 4 au ya 5 tia gupi 10; hula viluwiluwi vya mbu na huzaana wenyewe. Acha mfuko wao uelee juu ya maji dakika 20 kabla ya kuwafungulia. Samaki wengine wasubiri wiki 6, mpaka bakteria wanaosafisha kinyesi wajijenge. Ngege huchimbua sakafu na kuchafua maji; kambare hula wenzake. Wote wawili wana mabwawa yao, hili si lao.

Lisha kinachoisha kwa dakika 3. Posho na mkate huchachua maji.

Pampu si lazima kwa samaki wachache. Ukiitaka, chukua inayosukuma lita 1,500 kwa saa na uifungie kikata umeme cha usalama. Ya sola bila betri hulala usiku, na alfajiri ndipo hewa majini inapokuwa kidogo kabisa. Ukiona samaki wanatweta juu asubuhi, punguza chakula na idadi yao.

Kama mambo hayaendi

Maji kuwa kijani wiki ya 2 ni kawaida. Usiyamwage, maji mapya huleta rutuba mpya na mwani huanza upya. Mimea ikifunika, hujisafisha ndani ya wiki 4 hadi 8.

Maji yakishuka, usitoe plastiki. Weka ndoo iliyojaa maji kwenye ngazi, weka alama ndani ya ndoo na kwenye ukuta wa bwawa, ngoja saa 24 zisizo na mvua. Vyote vikishuka sawa, ni jua: milimita 5 kwa siku ni jerikeni 1 na nusu. Bwawa likizidi, zunguka ukingo kwanza, ukitafuta udongo wenye unyevu na nyasi zilizonawiri kuliko nyingine. Usipopaona, acha maji yashuke mpaka yasimame yenyewe. Tobo liko kwenye mstari huo, kuzunguka bwawa.

Mwisho wa Februari na wa Agosti, kabla ya mvua, ingiza fimbo kwenye paipu ya maji ya ziada. Vyura na majani huiziba.