Utani wodini: namna ya kumchekesha mgonjwa bila kumjeruhi

Anza na pole. Mgonjwa aliyelala kitandani bado hajajua kama umekuja kumsikiliza au kumharakisha, na utani ukimfikia kabla ya salamu, anaelewa kwamba maumivu yake hujayaona. Utaratibu ni huu: shikamoo kwa aliyekuzidi umri (koti jeupe halikuondolei deni hilo), jina lako na kazi yako, pole, kisha swali moja lililo wazi: "Nini kinakusumbua zaidi leo?" Halafu nyamaza mpaka amalize. Wengi humaliza ndani ya dakika mbili wasipokatizwa. Utani uje baada ya hapo, na kwa raundi ya kwanza uwe mmoja tu.

Tunawaandikia madaktari, matabibu, wauguzi na wanafunzi wao. Utani tunauhesabu kama dawa nyingine yoyote kabatini: una dozi, una njia ya kutolewa, na wapo wasiopaswa kupewa.

Kibali kwanza

Jamii zetu zina utani wenye sheria. Mpare na Mchaga wanataniana, Mngoni na Mhehe vivyo hivyo, Msukuma na Mzaramo hali kadhalika. Babu na mjukuu wanataniana, shemeji na shemeji pia. Mtani anaweza kufika hata msibani akafanya vituko kaburini na asikasirikiwe. Kinachoulinda utani huo ni kwamba pande zote mbili zina haki ya kurusha na kurushiwa. Wodini haki hiyo haipo. Mgonjwa anayengoja saini yako ili aruhusiwe kwenda nyumbani hawezi kukurudishia, kwa hiyo atacheka kwa adabu huku moyoni anaumia. Ndiyo maana kanuni yetu kuu ni hii: mwache mgonjwa aanze, na wewe uwe upande wa kurushiwa.

Bibi wa miaka themanini akimwita daktari kijana "mume wangu", kibali kimeshatolewa. Mjibu kama mjukuu: "Mke wangu, mbona nasikia jana usiku dawa hukumeza?" Swali lile lile likiulizwa kwa ukali lingepata jibu la uongo. Kwa njia hii bibi atakwambia kwamba vidonge vinamchoma tumbo, au kwamba amemgawia jirani wa kitanda cha pili. Hapo utani umekupa historia ya ugonjwa.

Kabila usiliulize ili upate pa kutania. Tanzania mgonjwa mwenyewe atalitaja akitaka. Kenya swali hilo ni zito zaidi, hasa kwa walioishi ghasia za baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2007. Mpira ni njia salama zaidi. "Simba au Yanga?" inafungua kinywa cha karibu kila mtu Dar es Salaam, na Nairobi unaweza kuuliza kuhusu Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards). Hata hapo, angalia kwanza timu yake imecheza vipi juzi.

Mambo ambayo hayataniwi hata kibali kikiwepo: uzito wa mwili, utasa, idadi ya watoto, VVU, harufu, umaskini, na chochote kinachoonekana mtu akiwa amevuliwa nguo. Wakati wa kupima uke, njia ya haja kubwa au matiti, ongea kwa sauti ya kawaida ukieleza unachofanya, na usitoe mzaha wowote. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na sisi tunaojua usaha tungepaswa kulielewa neno hilo kuliko wengine.

Nani asichekeshwe

Kicheko ni kazi ya misuli. Kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) na misuli ya tumbo hujikaza kwa vipindi vifupi na kusukuma hewa nje kwa nguvu, na shinikizo ndani ya tumbo na kifua hupanda. Kwa hiyo mgonjwa aliyepasuliwa tumbo, mama aliyejifungua kwa upasuaji, aliyeshonwa ngiri na aliyevunjika mbavu wataumia kweli wakicheka. Kabla hujafanya mzaha, wafundishe kukumbatia mto au shuka iliyokunjwa mara nne, waibane juu ya kidonda kwa viganja viwili. Mbinu hiyo hiyo itawasaidia kukohoa. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, kaa kimya kwa siku za mwanzo. Mwenye pumu ambayo haijatulia anaweza kubanwa kifua kwa kucheka tu, na hilo likitokea liandike kwenye faili, kwa sababu ni dalili kwamba dawa zake za kuzuia hazimtoshi au anazivuta vibaya.

Mwanamke anayebana miguu akicheka, au anayekimbilia choo, pengine mkojo unamtoka. Wengi hawasemi wakidhani ndiyo gharama ya kuzaa. Muulize faraghani, na ukishaondoa maambukizi ya mkojo, mfundishe mazoezi: akaze misuli kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, tumbo na makalio yakiwa yametulia, angalau mara 8 kwa kila zoezi, mazoezi matatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Wengi huacha wiki ya tatu kwa kuwa hawajaona tofauti, kwa hiyo mwambie muda huo mapema.

Soma kicheko chenyewe

Mtu akitabasamu umepata kipimo cha bure. Upande mmoja wa mdomo ukibaki nyuma, mwambie akunje paji la uso. Paji likikunjamana pande zote mbili, fikiria kiharusi na uharakishe. Upande mmoja wa paji ukibaki laini pamoja na mdomo, kuna uwezekano mkubwa ni mshipa wa fahamu wa uso wenyewe. Na tabasamu lililoganda, meno yamekazana, nyusi zimepanda, kwa mtu mwenye kidonda: hiyo ni pepopunda mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kicheko pia si lazima kiwe furaha. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na vicheko na vilio visivyozuilika, shule ikafungwa mwezi Machi, na hali ikasambaa hadi kijiji cha Nshamba. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu wala kirusi. Ulikuwa mfadhaiko uliopata njia ya kutokea. Mama anayechekacheka ukimweleza hali ya mwanawe usimdhanie mjinga. Punguza kasi, kaa chini, na useme, "Naona hili limekuelemea."

Mgonjwa wa saratani akikuambia "Daktari, niagize sanda au shuka?" amekuuliza swali kamili. Tabasamu naye kidogo, kisha lijibu swali: "Nimekusikia. Unataka tuzungumze kuhusu muda uliobaki?" Ukicheka na kuondoka, hatauliza tena.

Watoto

Kwa mtoto, mchezo ni sehemu ya uchunguzi, na mpangilio wake ni muhimu. Mpime akiwa mapajani kwa mama. Pasha stetoskopu kwa kiganja, iweke kwanza kwa mwanasesere au goti la mama. Hesabu pumzi kabla hujamgusa, kwa dakika nzima, kwa kuwa akishalia au akicheka hesabu imeharibika. Tumbo linafuata: mtoto mwenye kutekenyeka hukaza tumbo lote, kwa hiyo weka kiganja chake mwenyewe juu ya tumbo, nawe ubonyeze juu ya kiganja hicho, hakuna anayejitekenya mwenyewe. Mwulize kama amekula ugali au wali, "ngoja nitafute kuku yuko wapi", huku ukiangalia uso wake usikose pale unapokunjamana. Masikio na koo viwe vya mwisho.

Kwenye sindano, usiseme "haiumi". Sema "itauma kidogo, halafu tutazima mshumaa", nyosha kidole chako, na umwambie apulize kwa nguvu. Sindano iingie wakati anapuliza. Ukimdanganya leo, chanjo ijayo itahitaji watu watatu wa kumshika.

Tusipulize glavu kuwa puto kwa watoto wadogo. Ikipasuka, kipande chake huvutwa kooni na kuziba njia ya hewa, na ni vigumu kukitoa kuliko punje ya hindi.

Kufundisha dawa kwa mfano unaochekesha

Hapa ndipo utani unapolipa zaidi. Mgonjwa wa presha huacha vidonge akijisikia vizuri. Mwambie: dawa hii ni mlinzi wa usiku. Mwezi mzima hujamwona mwizi, ukamfukuza mlinzi kwa kuwa hana kazi, nani atakayefurahi? Atacheka na kujibu "mwizi". Usiishie hapo. Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba mgonjwa anakumbuka mzaha na kusahau dozi. Mwambie akueleze yeye: vidonge vingapi, saa ngapi, akisahau afanye nini. Kisha andika kwenye bahasha ya dawa kwa maandishi makubwa, saa za Kiswahili, "saa 2 asubuhi".

Mahali pa hatari: chumba cha upasuaji na korido

Mama anayezalishwa kwa upasuaji mara nyingi amechomwa ganzi ya mgongo. Yuko macho. Pazia lililo mbele ya uso wake halizuii sauti, na kila mnalosema kuhusu mafuta ya tumbo lake, mechi ya jana au mkopo wa benki analisikia akiwa na hofu ya mtoto wake. Kabla ya kisu cha kwanza mmoja wenu aseme kwa sauti, "Mama yuko macho." Mtaalamu wa usingizi awe ndiye mzungumzaji wake. Aliyepewa nusu kaputi naye anaweza kuanza kusikia wakati dawa inapungua, kwa hiyo nyamazeni mzaha tangu kidonda kinapofungwa. Pazia la wodini si ukuta, na kundi la WhatsApp la wahudumu si chumba cha siri: picha wala kisa cha mgonjwa kisiingie humo kwa ajili ya kucheka.

Mzaha ukienda vibaya utaona: macho yanageukia ukutani, shuka inavutwa juu, ndugu wanacheka lakini mgonjwa hacheki. Acha palepale. Kaa chini, sema "Samahani, nimekosea kusema vile," na usiongeze "nilikuwa natania tu", maana hapo umempa yeye kosa la kutokuelewa. Rudi baadaye ukiwa peke yako.

Uchovu hubadili mzaha

Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Akifikisha saa 24, karibu asilimia 0.10. Mlevi hapimi maneno. Kabla ya zamu ya usiku lala dakika 90 alasiri. Saa nane au tisa usiku, wodi ikitulia, lala dakika 20 kwa kupokezana na mwenzako. Usingizi huo ukipita nusu saa utaamka na kichwa kizito, usikokotoe dozi mpaka kiondoke. Kahawa ya mwisho iwe saa nane usiku, kwa sababu nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi na utaihitaji asubuhi hiyo kulala. Usiendeshe gari au pikipiki kurudi nyumbani.

Sikilizeni pia mizaha ya chumba cha chai. Mzaha kuhusu dripu isiyotiririka au umeme uliokatika ni pumzi ya kazi ngumu. Mwenzako akianza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda, kuwaigiza wanavyolia, na hilo likaendelea wiki mbili, hiyo ni dalili ya kuchakazwa na kazi (burnout), pamoja na uchovu usioisha kwa usingizi na kuona kazi yake haina maana. Shirika la Afya Duniani lililitambua tatizo hilo mwaka 2019 kuwa linatokana na kazi yenyewe. Usimkemee mbele ya watu. Mtoe nje ya wodi, mnunulie chai, umuulize analala saa ngapi, kisha mwende pamoja kwa msimamizi wa zamu kuomba zamu zake mbili za usiku zinazofuata zichukuliwe na mwingine.