Safari ya wanafunzi kutoka Lubumbashi hadi Japani: anzia atelie

Ninafundisha umeme katika shule ya ufundi hapa Lubumbashi. Mwalimu mwenzangu akiniuliza safari ya kupeleka wanafunzi Japani kuona roboti inaanzia wapi, ninamjibu kwamba inaanzia atelie, yaani karakana ya shule. Tikiti na visa vitafuata. Mtoto ambaye hajawahi kufungua mota ya feni kuukuu na kuona nyaya za shaba zilivyozungushwa ndani, ukimsimamisha mbele ya roboti kule Tokyo atapiga picha, atacheka, ataondoka. Aliyekwisha kuhangaika na mota yake mwenyewe atapiga magoti achungulie kiungo kinavyojikunja.

Kwa hiyo mwaka mzima kabla ya safari wape kazi moja tu, waimalize. Mimi ninapenda kigari kinachosimama chenyewe kikigusa ukuta. Mota inatoka kwenye mashine ya kuchapisha iliyokufa, magurudumu ni vifuniko vya ndoo, na swichi wanaitengeneza kwa kipande cha bati. Kila mmoja awe na daftari la maswali, na usikubali swali lililonakiliwa kwenye intaneti. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika: “Betri ikipungua nguvu, kigari changu kinapinda kushoto. Wao wanazuiaje?” Swali la namna hiyo ndilo linalostahili nauli ya ndege.

Waonyeshe pia kwamba roboti si mali ya wageni peke yao. Mwaka 2013, roboti zilizobuniwa na injinia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake zilianza kuongoza magari kwenye njia panda za Kinshasa, zikitumia umeme wa jua. Wanafunzi wakizichambua hizo kwanza, wataingia Japani kama mafundi wanaokwenda kwa mafundi wenzao.

Sasa tarehe. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika bila mtu kugundua. Likizo yetu kubwa ni Julai na Agosti, na wengi wanachagua Agosti. Agosti shule za Japani nazo zimefungwa, joto ni kali, na katikati ya mwezi familia nyingi zinasafiri kwa sikukuu ya Obon ya kukumbuka wazee waliokufa. Pasaka nayo inaangukia karibu na mapumziko yao, kwani mwaka wao wa masomo unaanza Aprili. Nafasi nzuri ni ndogo: kuanzia sisi tunapofunga mwanzoni mwa Julai hadi wao wanapofunga, karibu na tarehe 20. Mvua inaweza kuwapata, lakini mtawakuta wanafunzi darasani, na hilo ni bora kuliko jua. Wa darasa la mwisho wenye mtihani wa serikali wasiingizwe kwenye kundi hili.

Karatasi zinataka uvumilivu. Ubalozi wa Japani uko Kinshasa, kwa hiyo uliza mapema kama mtu mmoja anaweza kuwasilisha faili za kundi zima. Andaa pasipoti, fomu, picha, orodha ya wasafiri, ratiba ya kila siku yenye mahali pa kulala, barua ya mwaliko ya mwenyeji wenu Japani, na ushahidi wa nani analipa. Mwenyeji akigharamia, ataandika pia barua ya dhamana. Weka nafasi ya ndege, lakini usilipe tikiti kabla visa haijatoka.

Kitu cha kukagua kwa macho yako mwenyewe ni majina. Sisi Wakongo tuna jina la ukoo, postnom (jina la kati) na prenom (jina la kwanza), na kila karani anayapanga anavyojua. Mtoto anaitwa hivi kwenye akti ya kuzaliwa, vile kwenye buletini ya shule, na pasipoti ina mpangilio wa tatu. Chukua meza, weka karatasi zote za mtoto mmoja bega kwa bega, linganisha herufi kwa herufi. Fanya hivyo kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu kurekebisha baadaye kunakula miezi. Kwa wenye umri mdogo, pata ruhusa ya baba na mama iliyothibitishwa na notera, na nenda DGM, idara ya uhamiaji, ukaulize wanachohitaji kwenye uwanja wetu wa ndege wa Luano. Kadi ya njano ya homa ya manjano kila mtu aibebe. Mtaihitaji mkirudi nyumbani. Wenye miaka 16 na zaidi watachukuliwa alama za vidole na picha wakifika Japani. Waambie mapema wasiogope.

Pesa sitazirefusha. Fungua akaunti ya safari yenye sahihi tatu, moja yake ya mzazi. Wazazi wachange kidogo kidogo kama likelemba, ule mchezo wa kuchangiana, tangu mwaka wa kwanza, na kila mkutano usome hesabu kwa sauti. Tafadhali, nafasi mbili zitengwe kwa watoto wasio na uwezo, na zigawiwe kwa kazi ya atelie. Nimeona mikono ya dhahabu katika mitaa yetu ya Katuba na Kenya ikibaki nyumbani kwa sababu ya tikiti, na inaniuma.

Sasa, waone nini? Usijaze ratiba. Kuna njia ya Addis Ababa, ambako ndege inapitia Seoul hadi Narita, na mwili utafika umechoka, saa zikiwa saba mbele ya zetu. Chagua mahali pachache ambapo mtoto anaweza kuelewa kitu kinavyofanya kazi.

Tokyo, anza na makumbusho ya sayansi ya Ueno. Humo mnaweza kuona saa ya Tanaka Hisashige ya 1851, yenye nyuso sita, iliyoundwa ijazwe mara moja itembee mwaka mzima. Tanaka ni miongoni mwa mafundi ambao kazi yao ilizaa kampuni ya Toshiba, na alianza kwa kutengeneza karakuri, wanasesere wanaojiendesha. Kabla ya kuondoka Lubumbashi, chora ubaoni mwanasesere wa karakuri anayepeleka chai. Ukimwekea kikombe kwenye sinia, anatembea hadi kwa mgeni. Mgeni akikiinua, anasimama. Akikirudisha, anageuka na kurudi alikotoka. Hakuna umeme ndani yake: kuna springi, iliyotengenezwa kwa nyuzi ngumu za kinywani mwa nyangumi, na magurudumu ya mbao yenye meno. Mwaka 1796 Hosokawa Hanzo alichapisha kitabu chenye michoro ya kila kipande. Ukitaka kuwaona wanasesere wa aina hiyo kwa karibu, mji wa Inuyama, safari fupi ya treni kutoka Nagoya, una jumba lao la maonyesho.

Miraikan, makumbusho ya sayansi ya leo kule Odaiba, ni pazuri, ila hufungwa Jumanne. Na usiwaahidi watoto ASIMO. Roboti hiyo ya Honda iliyozinduliwa 2000 ilimaliza maonyesho yake hapo tarehe 31 Machi 2022, ingawa video zake bado zinazunguka kwenye simu.

Mahali palipowagusa wanafunzi wangu kuliko pote ni mkahawa wa DAWN, mtaa wa Nihonbashi, uliofunguliwa 2021. Roboti zinazoitwa OriHime zinakaa mezani na kuzungumza nawe, lakini anayezungumza ni mtu halisi. Yuko nyumbani kwake, pengine kitandani, kwa ulemavu au ugonjwa unaomzuia kutoka, naye anafanya kazi na kulipwa. Weka nafasi mapema na andaa maswali kwa Kiingereza. Mwanafunzi mmoja, ambaye dada yake hatembei, alikaa kimya njia nzima ya kurudi hotelini, kisha akaomba daftari jipya.

Nagoya, wape siku nzima makumbusho ya viwanda na teknolojia ya Toyota, yaliyo ndani ya majengo ya matofali mekundu ya kiwanda cha zamani cha nguo. Barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, imejaa magari yao, lakini wengi hawajui familia hiyo ilianza na mashine za kufuma. Mashine ya Toyoda Sakichi ya 1924, aina ya G, inasimama yenyewe uzi ukikatika. Hapo simama nayo muda mrefu. Waulize: disjonkta ya nyumbani kwenu, ile swichi inayokata umeme yenyewe, inafanya nini? Kigari chenu kikigusa ukuta kinafanya nini? Ni wazo lile lile, kwamba mashine ijue kosa lake na isimame kabla haijaharibu. Ukitoka hapo, roboti za kuchomelea magari hazitakuwa mazingaombwe tena.

Jitahidi pia mpate angalau nusu siku na wanafunzi wa kosen, vyuo vya ufundi vinavyopokea vijana kuanzia miaka 15. Tangu 1988 vyuo hivyo vinashindana kwa roboti wanazozitengeneza wenyewe. Andika barua nusu mwaka kabla, ukiambatisha picha za vigari vyenu. Mkiwa katika shule yoyote, bakini hadi muda wa usafi. Wanafunzi wanafagia na kupangusa madarasa yao wenyewe. Omba watoto wako washike vitambaa pamoja nao.

Kisha Hiroshima. Kwa kundi la Katanga sikubali iachwe. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wafundishe hilo nyumbani, kwa ramani, na kama mko na mzee aliyefanya kazi migodini mwalikeni aseme. Anayejifunza mashine ajue jiwe la kwao lilifika wapi. Kobalti na shaba zetu leo zimo ndani ya betri na mota wanazokwenda kuziangalia.

Adabu zifundishwe kwa mazoezi: kuvua viatu mlangoni, na soksi ziwe nzima, kutopiga simu ndani ya treni, kubeba taka zako mkobani, maana mapipa barabarani ni machache, kutosimika vijiti vya kulia ndani ya wali, kwa kuwa hivyo hufanyiwa marehemu. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, isiingie kwenye sanduku. Sheria yao ni kali. Dawa za mafua na kikohozi zenye pseudoefedrini au kodeini pia zina masharti, basi soma kila pakiti.

Homa usiidharau. Malaria inaweza kumtokea mtoto siku kadhaa baada ya kutoka nyumbani, na madaktari wa kule hawaioni mara nyingi. Beba vipimo vya haraka na dawa zenye karatasi ya daktari, na kadi ya Kijapani inayosema mtoto anatoka eneo la malaria. Umeme wao ni volti 100: chaja ya simu itafanya kazi, mashine ya kunyoa ya hapa huenda isifanye.

Jioni ya mwisho iwe Akihabara, kwenye maduka ya vipuri. Kila mwanafunzi aende na orodha iliyoandikwa Lubumbashi, ya vile tu vilivyokosekana kwenye kigari chake. Betri za akiba za lithiamu ziingie kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe kwenye sanduku la chini. Septemba, kabla hujaruhusu hotuba yoyote mbele ya shule, wape mbao na springi ya saa mbovu, watengeneze mwanasesere wa chai, na waliobaki nyumbani wawe nusu ya kila kikundi.