Kufunga injini ya rota tatu: shafti kwanza, nguvu baadaye

Juzi usiku kijana mmoja alinipigia simu akiwa amekata tamaa. "Fundi, nimekaza boliti ya mbele kama ulivyoniambia. Sasa shafti haina plei hata kidogo, haisogei mbele wala nyuma, kama imechomelewa." Nikacheka, si kwa kumdharau. Kosa hilohilo liliwahi kunilia siku mbili. Tulimaliza alfajiri, na niliyomweleza ndiyo haya.

Nachukulia kwamba umeshafumua na kufunga 13B, injini ya Mazda ya rota mbili (rota ni ile pembetatu inayozunguka mahali pa pistoni), na ikawaka. Kama bado, anza na hiyo.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini ya tatu si "moja zaidi"

Kila rota inataka gia yake isiyozunguka. Katika injini ya rota mbili, gia moja inakaa kwenye bamba la mbele na nyingine kwenye bamba la nyuma, kwa hiyo shafti inabaki kipande kimoja na kila rota inavalishwa kutoka upande wake. Ukiongeza ya tatu, gia yake lazima ikae kwenye bamba la kati, pamoja na beringi. Beringi hiyo haiwezi kuvuka lobu ya shafti, yaani uvimbe unaobeba rota, maana lobu ni nene kuliko tundu lake. Ndipo shafti inapolazimika kuwa ya kuunganisha. Mazda walifanya hivyo kwenye 20B, injini yao ya rota tatu iliyotoka na gari la Eunos Cosmo mwaka 1990: vipande viwili vinaingiliana kwa koni.

Hesabu ya ujazo ni nyepesi. Rota moja ya 13B ni sentimita za ujazo 654, kwa hiyo tatu zinafika 1,962 na nne 2,616. Hiyo ya mwisho ndiyo R26B, injini iliyokuwa ndani ya 787B, gari la Mazda lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1991. Watu wakiona namba hiyo wanakimbilia rota nne. Mimi nasema funga tatu kwanza.

Hatua ya 2: Shafti

Hapa ndipo pesa yako iende. Afadhali rota zilizotumika zenye afya kuliko shafti ya kubahatisha.

Safisha koni zote mbili mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Paka rangi ya bluu ya kupimia upande mmoja, unganisha, zungusha kidogo, fungua. Rangi ikikamata pande zote sawasawa, endelea. Ikikamata mdomoni tu, rudisha shafti kwa aliyeichonga, na usijaribu kuisugua mwenyewe. Ukishakaza, laza shafti juu ya vishikio viwili na uizungushe taratibu ukiangalia geji ya saa (ile yenye mshale, inayopima msogeo mdogo) katikati. Hakikisha pia lobu zimepishana nyuzi 120. Za rota nne hupishana nyuzi 90.

Hatua ya 3: Rota na sili

Rota za Mazda zina herufi ya uzito, A hadi E. Chagua zinazolingana, kisha peleka kila kitu kikasawazishwe pamoja na vizito vya mbele na nyuma. Sili za ubavu zikatwe kwa tupa ndogo, kidogokidogo, mpaka nafasi kati yake na sili ya kona iwe milimita 0.05 hadi 0.15. Sili ikishakuwa fupi hairefuki tena.

Kwa sili za ncha, sitaki kusikia habari za keramiki kwenye injini ya kwanza. Weka za chuma, zile zinazopinda kabla ya kuvunjika.

Hatua ya 4: Kupanga

Bamba la mbele liwe chini, nawe upange kwenda juu ukielekea nyuma. Sili za maji zishikwe kwenye mfereji wake kwa vaselini, si silikoni. Silikoni inasukuma sili nje ya mfereji nawe huioni. Boliti ndefu kaza kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje. Mazda wanataja Nm 32 hadi 39 kwa 13B. Boliti za kuchongesha fuata namba ya aliyezichonga.

Hatua ya 5: Plei ya mbele na nyuma

Sasa tulia.

Plei inayotakiwa ni milimita 0.04 hadi 0.07. Inapangwa na spesa ndogo iliyo mbele ya shafti: upande mmoja wa bamba la kuzuia kuna beringi ya sindano, upande mwingine kuna ya pili, na spesa ndiyo inayoamua bamba lina nafasi kiasi gani katikati. Spesa nene inaongeza plei, nyembamba inapunguza. Ikiwa nene mno, unaisugua juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo, unaizungushazungusha kama namba nane, unapima kila mara.

Tatizo ni beringi ya ndani. Imekaa juu ya spesa kwa hisani tu. Ukilaza injini huku boliti ya mbele haipo, shafti inarudi nyuma kidogo, beringi inateleza na kushuka, ikibanwa ukingoni kati ya spesa na washa yake. Kwa nje huoni kitu. Unakaza boliti, inakaza vizuri tu, hata mkono unaridhika. Shafti ndiyo inakataa.

Mimi nilidhani spesa ni nyembamba. Nikabadilisha, bado. Nikalaumu koni, nikafumua injini nzima, nikapima shafti upya, ikawa safi. Siku ya pili jioni nilipoiweka spesa mezani niliona alama ndogo kwenye ukingo wake, kama kovu la ukucha. Sindano zilikuwa zimeuma hapo.

Kwa hiyo: geuza injini pua iangalie juu kabla ya kugusa chochote mbele. Ibaki hivyo mpaka boliti ikazwe. Paka beringi grisi nzito, na kabla ya kufunika izungushe kwa kidole. Izunguke huru na ukingo wake usiguse chochote. Ukilazimika kulegeza boliti ile baadaye, hata kubadilisha sili ya oili tu, pua juu tena. Ikiwa injini iko ndani ya gari, asiguse mtu pedeli ya klachi, kwa sababu inasukuma shafti.

Kupima: flaiwili iwe imefungwa, geji ya saa iguse uso wake, sukuma na vuta kwa wenzo. Pima mara tatu. Ikisoma sifuri usiongeze mkazo, fungua. Kijana wangu alifungua, beringi ilikuwa imepinda upande, akaagiza nyingine.

Hatua ya 6: Kabla ya kuwasha

Changanya oili ya injini za mipigo miwili kwenye petroli. Pampu ya kunyunyizia oili siiamini kwenye injini ya kuchongesha.

Pima mgandamizo kwa kila rota, ukiondoa vali ya geji ili uone mapigo badala ya kilele. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo mapigo matatu yanayolingana. Kwa injini nzima ni tisa. Ukisikia moja limelegea kati ya hayo tisa, usiwashe. Rudi hatua ya 3.