Kukagua ubao kwa jicho na kidole kabla ya vanishi

Mteja alinirudishia meza ya mvule. Kibandani kwangu niliiona laini, nikaipiga vanishi bila wasiwasi. Kumbe taa ya sebuleni kwake ilikuwa inaimulika kwa ubavu, na mawimbi ya randa yalionekana yote, kama bati. Tangu hapo, hapa Ngong Road, Nairobi, hakuna ubao unaopita kwangu bila hatua hizi.

1. Mulika kwa ubavu. Jua la saa saba huficha kasoro. Ingiza ubao kivulini, laza tochi ya simu karibu iguse mbao. Penye kivuli pana bonde; tia alama ya penseli.

2. Sasa fumba macho. Vijana wangu hupenda kuiruka hatua hii. Jicho ni babe: mwaka 1964 watafiti Rock na Victor waliwapa watu kipande cha mraba wakishike huku wakikitazama kupitia lenzi iliyokifanya kionekane chembamba. Wengi walisema hata mkononi ni chembamba. Mimi na mvule wangu tulikuwa hivyo hivyo: nilipapasa, lakini nilihisi nilichokuwa nimeshakiona.

Tembeza vidole, usivibandike. Kidole kilichotulia kitakuambia ubaridi, na kikibonyeza, ugumu. Ukwaru husomwa na kidole kinachotembea. Watafiti wa Uswidi mwaka 2013 walikuta kidole kinachotembea kinatambua mikunjo yenye kimo cha nanomita 10 hivi (milimita moja ni nanomita milioni moja), kitu ambacho jicho haliwezi hata kuota. Tumia mkono wenye sugu chache (wangu ni wa kushoto), ukikatiza nyuzi za mbao. Wanyooshaji bodi za magari huweka kitambaa chembamba chini ya vidole ili visikwame. Nimewaiga, na kweli mabonde mapana hujitokeza vizuri zaidi.

3. Fumbua, kidole kikiwa palepale. Watafiti Ernst na Banks walionyesha mwaka 2002 kwamba ubongo huchanganya habari za jicho na za mkono, ukisikiliza zaidi upande wenye uhakika. Basi gawa kazi: unyoofu wa ukingo mwachie jicho, ukwaru mwachie kidole. Tochi ikisema safi na kidole bado kinasita, mimi hurudi na msasa namba 120, kisha 220.

4. Futa vumbi, rudia hatua ya kwanza na ya pili, ndipo ufungue kopo la vanishi.