Tairi limefungwa asubuhi, mchana linataka kuchomoka: namna ya kufunga nati zisilegee

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi, kila siku nafungua na kufunga matairi, na kitu kinachonitisha kuliko hata breki ni tairi kulegea, maana breki ikianza kuchoka dereva anaisikia mguuni, ila tairi linalegea polepole huku gari linatembea vizuri tu.

Kuna mama mmoja mteja wangu ana IST, aliziba pancha asubuhi barabarani akapakia watoto wakaanza safari ya Morogoro. Kabla ya Mlandizi akawa anasikia tok tok tok nyuma kushoto, akajua ni jiwe limenasa kwenye tairi. Aliponipigia nikamwambia mama simama hapo hapo, usisogeze hata mita moja. Nimefika nakuta nati moja haipo, mbili nazizungusha kwa vidole, iliyobaki moja ndo imeshikilia tairi lote, na matundu ya rimu yameshatanuka yamekuwa kama yai. Watoto watatu siti ya nyuma. Na fundi aliyemfungia alikaza vizuri kabisa, mama mwenyewe alimuona akivuta spana. Nilipotoa rimu ndo nikaona, kwa nyuma kuna tope kavu limesagika limekuwa unga.

Hapo ndo pa kuelewa. Nati ukiikaza inaivuta ile stadi, yaani ile bolti yenye nyuzi inayotokeza ambayo nati inajifunga, chuma kinanyooka kidogo sana kama mpira unavyovutwa, na huo mvuto ndo unaoibana rimu kwenye habu, yaani kile chuma cha katikati ambacho rimu inakalia. Sasa kama katikati kuna tope, kutu au rangi nene, ukikaza utahisi imekaza kweli, alafu gari likitembea lile tope linasagika, linapungua unene, stadi inarudi ilivyokuwa na mvuto umekwisha. Nati haijazunguka hata kidogo ila tayari haibani kitu, kinachofuata ni rimu kuanza kucheza na nati kujifungua zenyewe.

Kwaiyo tufunge hivi.

Hatua ya 1. Gari liwe sehemu tambarare, handbreki juu, weka jiwe kwenye tairi la upande mwingine. Legeza nati kidogo kabla ya jeki kunyanyua, ukishanyanyua ndo umalizie.

Hatua ya 2, safisha, na hapa usiwe na haraka. Chukua brashi ya waya, sugua uso wa habu mpaka uone chuma, sugua mgongo wa rimu pale inapokutana na habu, alafu futa na yale matundu ambapo nati inakalia. Waliotoka kupaka rimu rangi mpya na nyie mnahusika, rangi ikijaa kwenye hizo sehemu ni sawasawa na tope. Nyuzi za stadi zipige brashi kavu, usipake oili wala grisi kama kitabu cha gari hakijasema, kwa sababu zikiwa na mafuta nguvu ile ile ya mkono inaivuta stadi kupita kiasi na inaweza kukatika.

Hatua ya 3, hakikisha nati ni za hilo gari na hiyo rimu. Hili watu wanalidharau sana. Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi ndogo zinatumia nyuzi za 12 kwa 1.5 (stadi unene milimita 12, uzi hadi uzi milimita 1.5), wakati Nissan, Suzuki na Subaru nyingi ni 12 kwa 1.25. Ukizishika mkononi zinafanana kabisa, na fundi mwenye mashine ya upepo anaweza kuilazimisha iingie, inakula nyuzi alafu inakwama na yeye anajua imekaza. Kingine ni umbo la nati pale inapokalia, kuna za koni, kuna za duara kama mpira ambazo Honda nyingi zinakuja nazo, na kuna zenye washa bapa za baadhi ya spoti rimu za Toyota. Umenunua spoti rimu mtumba ukaendelea na nati zako za zamani? Nenda kaangalie leo, nati ya koni kwenye tundu la duara inagusa kwenye mstari mwembamba tu.

Hatua ya 4. Gari likiwa bado juu, ingiza nati zote kwa vidole, kwa vidole kabisa sio spana. Ikigoma mizunguko ya mwanzo itoe uangalie nyuzi. Alafu kaza kidogo kidogo kwa kuruka, za nne unapiga msalaba, za tano unapiga nyota, ili rimu ikae sawa isilalie upande mmoja.

Hatua ya 5, shusha gari ndo ukaze kwa kipimo. Toyota ndogo nyingi ni kama Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza, torki) ila angalia kitabu cha gari lako. Kwa lugha ya mkono, hiyo ni kama kilo 35 ukizining'iniza kwenye spana ya sentimita 30. Sasa mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba la nusu mita anaweka zaidi ya mara tatu ya hapo, na ndo tunaona kila siku vijana wanaruka juu ya spana. Stadi ikivutwa hivyo inachoka, leo haikatiki, itakatika siku umepakia familia. Spana ya torki, ile inayolia tak ikifika, tafadhali mafundi wenzangu tununue hata tukichangishana.

Hatua ya 6 ndo inayosahaulika kuliko zote. Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 simama, rudia kukaza kwa kipimo kile kile, usilegeze kwanza. Mimi huwa nachora mstari kwa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu, mteja akichungulia akaona mstari umeachana anajua nati imezunguka. Ila mstari haukuonyeshi kama mvuto umepungua, kwaiyo spana ipite tu.

Wa Fuso na Isuzu za zamani, nyingi upande wa kushoto nyuzi zinafungwa kinyume, angalia herufi L kwenye stadi. Na tairi pacha za nati mbili mbili, unalegeza ya nje kwanza, unakaza ya ndani, unarudi ya nje. Ukikaza ya nje peke yake tairi la ndani linabaki linacheza.

Ukisikia kugonga au usukani unatetemeka baada ya kufunga tairi, au ukaona michirizi ya kutu inatoka kwenye nati, paki pembeni. Usikaze tu ukaendelea. Vua tairi uangalie matundu, yakishatanuka hiyo rimu haifai tena, na kama stadi imekatika badilisha zote za hilo tairi maana zilizobaki zimebeba mzigo wa mwenzao. Yule mama tulimfungia spea na stadi mpya nne, rimu yake ninayo hapa gereji, kila anayekuja na haraka namuonyesha yale matundu kwanza.