Namna ya Kuandaa Ligi ya Soka ya Vyuo Yenye Kupanda na Kushuka Daraja

Miaka michache iliyopita nilitazama mechi ya vyuo katika uga mmoja ulio kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Kakamega. Timu iliyokuwa mkiani ilifika na wachezaji tisa, wawili wao wakiwa na jezi za rangi nyingine, na mwamuzi akalazimika kusubiri nusu saa hadi wawili waliosalia walipoletwa kwa bodaboda. Vijana wale hawakuwa wavivu. Ligi yao haikuwa na daraja la kushukia wala la kupandia, kwa hiyo mechi zilizobaki hazikuwa na maana yoyote kwao. Mwongozo huu ni wa makatibu wa michezo, manahodha na wahadhiri walezi wa timu katika vyuo vya Kisumu, Kakamega, Bungoma, Nakuru na miji jirani wanaotaka kuanzisha ligi ya madaraja mawili. Ninachosisitiza kuliko vyote ni kwamba kanuni za mkiani ziandikwe na kutiwa sahihi na vyuo vyote kabla ya mechi ya kwanza kuchezwa.

Anzeni na kalenda. Muhula wenye wiki 14 au 15, ukishatoa wiki za usajili na za mitihani, hubakiza takriban wiki kumi za kucheza. Timu nane zinazokutana nyumbani na ugenini zina jumla ya mechi 56, yaani 14 kwa kila timu: saba muhula wa kwanza na saba muhula wa pili, na bado mnabaki na nafasi ya mechi zitakazoahirishwa kwa sababu ya mvua. Timu kumi zinahitaji mechi 90, na hapo ndipo ratiba huanza kuingilia mitihani. Kwa hiyo mkiwa na vyuo 20, wekeni nane katika daraja la kwanza na 12 katika la pili, kisha mkatae kabisa kuongeza timu ya tisa ili kumridhisha mtu. Hata Ligi Kuu ya Kenya, ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18 mwaka wa 2017, ilifika huko baada ya mvutano mrefu kati ya shirikisho na wasimamizi wa ligi, na vyuo havina muda wala fedha za mivutano ya namna hiyo.

Swali la nani aanzie juu msilijibu kwa kutazama ukubwa wa chuo. Chezeni mashindano ya kufuzu: makundi manne ya timu tano tano, kila timu ikicheza mechi nne, na timu mbili bora za kila kundi ziingie daraja la kwanza. Marekani inatuonyesha hasara ya kugawa ngazi kwa jina. Katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, timu haipandi kwa kushinda. Vyuo hukaa katika miungano inayojichagulia wanachama wake. Boise State ya jimbo la Idaho ilishinda mechi zake zote 13 za msimu wa 2006, ikiwemo ile ya Januari 2007 ilipoilaza Oklahoma kwa alama 43 kwa 42, na bado haikupata nafasi ya kuwania ubingwa wa taifa. Mlango ukifungwa hivyo, kijana wa chuo kidogo hawezi kuufungua hata akishinda kila mechi.

Daraja la pili ligawanywe kikanda, kwa kuwa gharama ya safari ndiyo inayoziua timu ndogo. Kutoka Kisumu hadi Nakuru ni takriban kilomita 180, na basi la chuo likienda huko hula mafuta ambayo yangetosha mechi kadhaa za Maseno au Kakamega. Wekeni kanda mbili za timu sita sita, moja ya Ziwa na Magharibi, nyingine ya Bonde la Ufa. Washindi wa kanda wakutane nyumbani na ugenini: atakayeshinda apande moja kwa moja kuchukua nafasi ya timu ya nane, na atakayeshindwa acheze mchujo na timu ya saba ya daraja la kwanza.

Mgawanyo huo una tatizo ambalo waandaaji wengi hawalioni hadi liwafikie. Tuseme timu mbili zinazoshuka zote zinatoka magharibi, huku zinazopanda zikitoka moja moja kila kanda. Kanda ya magharibi itakuwa na timu saba na ya Bonde la Ufa tano. Nani ahamishwe? Mkilijadili wakati huo, kila chuo kitatetea tumbo lake. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba ahamishwe yule ambaye safari yake hadi Kericho, mji ulio njiani kati ya Kisumu na Nakuru, ni fupi kuliko ya wenzake, na asihamishwe misimu miwili mfululizo. Uingereza iliishi na jambo hili kuanzia mwaka wa 1921 hadi 1958, daraja lake la tatu lilipogawanywa Kaskazini na Kusini, na Walsall, iliyo katikati ya nchi, ilivushwa mpaka zaidi ya mara moja.

Kanuni ya timu zinazolingana kwa pointi inahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mazoea yetu ni kutazama tofauti ya mabao, lakini katika ligi za vyuo timu hukosa kufika mara nyingi, na ushindi wa mezani kwa kawaida huhesabiwa mabao matatu kwa sufuri. Chukueni timu mbili zilizomaliza na pointi 12 kila moja. Ya kwanza ina upungufu wa mabao tisa, ya pili mabao kumi na moja. Kwa mazoea yetu, ya pili inashuka. Lakini ya kwanza ilipewa mabao matatu ya mezani; ukiyaondoa, upungufu wake ni mabao 12. Isitoshe, zilipokutana, ya pili ilishinda 2-1 na kutoka sare ya 0-0. Ukiteremsha timu hiyo, umeiadhibu kwa sababu wapinzani wake wote walifika uwanjani. Kwa hiyo tangulizeni matokeo ya timu husika zenyewe kwa zenyewe, kisha tofauti ya mabao ya ligi nzima, kisha mabao ya kufunga.

Mechi za siku ya mwisho, zote nne, zianze kwa wakati mmoja. Katika Kombe la Dunia la 1982, Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza zikijua matokeo ya Algeria, iliyokuwa imemaliza mechi zake jana yake. Wajerumani walishinda 1-0, matokeo yaliyozifaa timu zote mbili, na Algeria ikaaga mashindano. Tangu 1986 mechi za mwisho za makundi huchezwa kwa wakati mmoja. Kwenu hilo lina maana ya viwanja vinne na waamuzi 12 siku hiyo moja, kwa hiyo waombeni mapema.

Mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi wa chuo, huonekana zaidi pale timu inapokaribia kushuka. Orodha ya wachezaji ifungwe kabla ya mkondo wa pili, kila jina lithibitishwe na msajili wa chuo, na kitambulisho kikaguliwe pembeni mwa uwanja timu zote mbili zikitazama. Malalamiko yapokelewe ndani ya saa 48 na kuamuliwa ndani ya siku saba. Nasema haya kwa uchungu. Nilipokuwa nahodha, timu yetu ilishinda mchujo siku ya Jumamosi, na Jumatano tukaambiwa kwamba hakuna atakayeshuka mwaka huo, kwani chuo kilichokuwa mkiani kilikuwa mwenyeji wa mashindano. Tulikaa daraja la kwanza siku nne. Wenzangu sita walikuwa mwaka wa mwisho na hawakupata msimu mwingine.

Kuhitimu huko ndiko kunakoitofautisha ligi ya vyuo na ligi za klabu: waliopandisha timu huenda wasiwepo itakapocheza juu. Mchujo umalizike ndani ya mwaka uleule wa masomo, na kila kikosi cha wachezaji 25 kiwe na angalau wanane wa mwaka wa kwanza au wa pili. Chuo kilichopanda kithibitishe kwa barua ya mkuu wa wanafunzi kwamba kitashiriki. Kikishindwa, nafasi iende kwa timu inayofuata kutoka chini, kamwe isirudishiwe iliyoshuka.

Tangu wiki ya kwanza, jedwali libandikwe katika ubao wa matangazo wa kila chuo, likiwa na mstari mwekundu chini ya nafasi ya sita na mwingine chini ya nafasi ya saba.