Mvinyo na Jibini kwenye Joto la Tanga

Maelekezo mengi ya mvinyo na jibini yametoka nchi za baridi. Yanasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, yaani nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Raskazone, hapa Tanga, mwezi Februari jioni inakaribia 30. Kwa hiyo hapa tunaanza na friji, chupa gani baadaye.

Hatua ya 1: Joto
Mvinyo mweupe uingie kwenye friji tangu mchana. Mwekundu nao uingie, kama saa moja kabla ya wageni. Atakayekucheka mwache acheke. Ukiwa wa moto, kileo kinapanda puani na kufunika harufu ya matunda. Jibini ni kinyume chake. Vitabu hutaka itolewe saa nzima mapema, lakini kwetu dakika 15 au 20 zinatosha, zikizidi inaanza kutoa mafuta. Toa vipande vidogo, bonge lenyewe libaki kwenye ubaridi.

Hatua ya 2: Ununuzi
Jibini ya karibu ni ya Lushoto. Shamba la Irente wanaitengeneza. Nenda na deli lenye barafu, maana ukishateremka Mombo joto halina mzaha.

Hatua ya 3: Kuoanisha
Wengi hukimbilia mwekundu. Mimi naanza na mweupe, na mara nyingi naishia hapohapo. Mwekundu una tanini, ile inayoacha ukakasi mdomoni, na ukikutana na jibini laini mara nyingi unabaki uchungu tu.

Jibini mbichi, hasa ya mbuzi, ipe mweupe mkavu wenye uchachu. Bonde la Loire kule Ufaransa huila na mvinyo wao mweupe, Sauvignon Blanc. Chenin Blanc ya Dodoma, mweupe pia, inaifanya kazi hiyo vizuri na haikutoi jasho mfukoni.

Jibini ngumu iliyokomaa ndiyo ya mwekundu. Protini na mafuta yake hushikana na tanini, ukakasi ukapungua.

Jibini ya bluu, ile yenye ukungu wa bluu ndani, ina chumvi kali, inataka mvinyo mtamu: jibini ya Roquefort kwa mvinyo wa Sauternes, ya Stilton kwa mvinyo wa Port.

Onja kuanzia ya upole kwenda kali.

Hatua ya 4: Sahani
Mkate, korosho, embe kidogo. Machungwa ya Muheza yaache kwa ajili ya asubuhi, na achari pia: uchachu wake unaufanya mvinyo upooze.

Hatua ya 5: Wasiokunywa
Tanga hawa hawakosi. Watengee juisi ya choya baridi, sukari kidogo. Ina uchachu na ukakasi wake, inaiweza jibini ngumu. Tumia bilauri ambazo hazijawahi kuwekwa mvinyo. Mwulize pia muuzaji maziwa yamegandishwa kwa kimeng'enya gani, kwani kingine hutoka kwenye tumbo la ndama, na kuna mgeni ambaye hatagusa kabla ya kujua.